Herufi Zisizokata Uzi

14 Januari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Na ya baba mdogo ipokee wewe umfikishie, maana ukimwachia aisome mwenyewe atasema haikumfika. Huku tupo, tunasukuma siku. Bibie wangu ametimiza miaka sita na meno mawili ya mbele yameng'oka, kwa hiyo kila anachosema kinatoka na upepo. Anawasalimia. Anauliza kama na wewe umeanza kung'oka, ili mfanane.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu unazijua. Wewe unasema haloo mpaka salio linakwisha, na baba mdogo akipewa simu anaiweka sikioni kama saa ya mteja, anasikiliza kama inatembea.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Karakana yetu imepata kazi ya kutarizi majina ya watoto kwenye sweta za shule. Mashine zetu zinaongozwa na kompyuta, na mimi ndiye ninayezichorea herufi. Kwa herufi za kawaida mashine inashona moja, inakata uzi, inarukia ya pili. Kila ilipokata panabaki mkia. Mtoto amekaa darasani hana la kufanya, anauvuta, na baada ya muda jina limefumuka nusu. Wazazi wamekuja juu. Mwenye karakana ameniambia nitengeneze fonti ya kuunganisha, ili sindano ikiingia mwanzo wa jina isitoke mpaka mwisho.

Nilidhani ni kazi ndogo. Nikaipa kila herufi mkono chini, upande wa kulia, imshike mwenzake. Ikaenda vizuri mpaka nikafika kwenye w. W inamalizia juu, a inangoja chini, na zikikutana uzi unaporomoka katikati kama mtu aliyekosea ngazi. Na majina yetu bila "wa" na "mwa" hayaendi popote. Ndipo nikaelewa kwamba herufi moja haiwezi kuwa na umbo moja. A ya mwanzo wa jina iwe nyingine, ya katikati nyingine, ya mwisho nyingine, na ile inayofuata w au o iwe nyingine kabisa. Kompyuta itazame nani kakaa kushoto na nani kulia, halafu ichague. Kuifundisha kuchagua naweza. Maumbo yenyewe ndiyo yamenishinda. Nimechoka, mama mdogo, kila ninachochora kinatoka kama waya wa uzio.

Wewe umefanya kazi hiyo maisha yako yote kwa cherehani ya mguu, ukizungusha fremu kwa mkono, na sijawahi kukuona ukikata uzi katikati ya jina la mtu. Naomba unitarizie kitambaa kimoja tu, herufi zote zikiwa zimeshikana, unitumie kwa posta.

Mwanao,
Chiriku

2 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na baba yako mdogo anasema imemfika. Ndiye anayeandika. Mimi kidole kimechomwa na sindano, kwa hiyo ninasema na yeye anaandika. (Nimemuuliza kidole kipi. Amesema niandike tu. Ni mimi, baba mdogo.)

Hatujambo. Bati la jikoni lilikuwa linavuja, limezibwa, sasa linavuja pembeni. Jirani yetu mpishi wa hoteli ameoa tena, na safari hii inaonekana ameoa mtu anayejua kupika kuliko yeye, kwa hiyo amenyamaza. Kazi ipo. Kitambaa sijakitengeneza na usikingoje. Kiti cha wateja kimejaa sweta za watu, sina pa kuweka hata mkoba. Ukitaka maneno nitakupa maneno.

W haishuki. Ukiishusha umeiua. Inatoka juu na inanyoosha mkono palepale juu. Atakayebadilika ni anayekuja, si anayetoka. Kwa hiyo a inayofuata w inapokewa begani badala ya kiunoni. Inainama kidogo, inajizungusha, inaendelea na safari yake. Kama mtu anayeingia mlango mfupi. Hainami kila mlango, ule mfupi tu. O ni vilevile. B ni vilevile. Zinazobaki ni watu wa kawaida.

Bibie mwambie mimi meno ninayo, ninayatafutia nyama tu.

Hukumtaja mkwe wangu. Yuko safarini? Mpe salamu zangu. Na lile shuka nililowatarizia la harusi, lifueni kwa maji baridi, sabuni ya unga inakula rangi ya uzi.

Mama yako mdogo

25 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo nyingi. Pole na kidole, natumaini kimepona.

Mlango mfupi umenisaidia kuliko unavyodhani. Niliikalia ile a mpaka ikainama. Sasa "wa" inasomeka, na "mwa" haina tena lile poromoko. Mama anayekata mikia ya uzi pale karakana, aliyezoea kushinda ameinamia meza na mkasi, ameniambia mgongo wake unanisalimia.

Usihangaike tena na kitambaa. Nimepata pa kuangalia. Herufi zimekubali kuwa na maumbo yao, na mwenye karakana ameridhika, kitu ambacho kwake kinaonekana kwa kutosema neno. Anasema fonti itauzwa pamoja na mashine, kila zinakokwenda.

Huku wote wazima. Bibie amepata jino jipya, limeota kama linataka kwenda kwingine. Shuka rangi yake bado ipo.

Nimechoka sana, mama mdogo, sitaandika mengi. Nikirudi nyumbani ninakaa kwenye kiti cha mlangoni na viatu vyangu, mpaka Bibie ananiuliza kama ndiyo natoka au ndiyo naingia.

Mwanao,
Chiriku

11 Juni

Chiriku,

Barua yako niliipata mapema. Sikujibu. Sasa ninalo la kujibu.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, nimewatarizia watoto wake wote tangu wa kwanza. Aliingia bila kubisha hodi, akaniwekea sweta mapajani. Akasema, "Mimi umeniambia una kazi nyingi, huna nafasi. Kumbe nafasi ya kumshonea fundi wa kona unayo."

Fundi wa kona ni kijana aliyefungua duka karibu na posta. Ameleta mashine ya kompyuta. Nikamwambia mama yule, "Mimi simshonei mtu."

Akasema, "Usinifanye mtoto. Mkono wako naujua."

Nikalipapasa lile jina kwa kidole. Nikaanza na mwanzo, nikafuata uzi. Ulikuwa haujakatwa popote. Nikafika kwenye k. K yangu mguu wake wa nyuma unalala kidogo, unajua kwa nini? Cherehani yangu inavuta kushoto tangu nilipoinunua, na pale kwenye k lazima niirudishe kwa nguvu. Hakuna mtu mwingine mwenye cherehani hiyo. Fundi wa kona mashine yake mpya haivuti kushoto. Sasa k yangu imefikaje pale?

Yule mama nilimwambia, ni kweli, nimemshonea mimi. Ningemwambia nini? Akaondoka amenuna, na mimi nikabaki mwongo kwa kosa lisilo langu.

Uliniambia umepata pa kuangalia. Sikukuuliza wapi. Leo ninakuuliza.

Mkwe wangu bado hujamtaja.

Mama yako mdogo

(Mwanangu, ni mimi baba mdogo. Ameingia kuoga, naandika haraka. Kidole hakikuchomwa. Ni macho, yote mawili, mtoto wa jicho. Tangu mwaka jana hajamaliza jina hata moja. Zile sweta alizosema zimejaa kwenye kiti amewarudishia wenyewe, anawaambia ana kazi nyingi. Asubuhi anakaa kwenye cherehani anakanyaga bila uzi, ili majirani wasikie mlio. Mimi ninatengeneza saa zangu pembeni na ninanyamaza. Daktari amesema jicho moja litafanyiwa upasuaji mwezi wa nane. Anaogopa, hasemi. Usimwonyeshe kama unajua. Ametoka.)

3 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Baba mdogo shikamoo. Bibie hajambo. Habari za kidole sikuulizi.

Nilichukua kwenye shuka.

Barua yako ya Machi ilipofika nilifungua kabati nikalitoa. Lilikuwa kabatini kwa sababu baba yake Bibie hayupo hapa tangu mwezi wa kumi mwaka jana. Hakuna aliyempiga mtu wala kumtukana. Siku moja alisema amechoka. Akachukua sanduku na redio. Mimi pia nilikuwa nimechoka, sikusimama mlangoni. Bibie anakwenda kwake Jumapili na kurudi ameshiba. Nilikuwa nikiandika "wote wazima" kwa sababu ilikuwa kweli, kila mmoja mzima mahali pake.

Basi nikalitandaza shuka mezani. Majina yetu wawili kamili, mpaka ya babu, na chini yake maneno yako, "Mkae pamoja kwa amani." Nikalipeleka karakana, nikalilaza kwenye skana, kipande kwa kipande. Kisha nikakaa kwenye kompyuta nikafuata kila mshono, ulikoingia na ulikotokea. Nikaona unavyofanya. Nikaona o ya "pamoja" inavyoipokea j, na n inavyojikunja ikijua mwisho unakuja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke kukaa na shuka lile bila kulikunja harakaharaka. Sitakudanganya, nilifurahi. Kazi ilikuwa inakwenda, na mimi sikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinakwenda.

K nilijua ni yako. Ningeweza kuusimamisha ule mguu. Niliusimamisha, jina zima likapoa, nikaurudisha.

Nilikuomba kitambaa, hukutuma, nikajiambia basi shuka ni langu, nilipewa. Nililopewa ni shuka. Mkono hukunipa. Hilo nililijua hata nilipokuwa ninafanya, ndiyo maana niliandika "nimepata pa kuangalia" badala ya kusema.

Na sikufikiri mashine zinakwenda wapi. Kwangu zilikuwa zinatoka mlangoni zimefungwa kwenye maboksi, basi. Sikuziona zikifika posta, kwenye kona, mbele ya wateja wako.

Nimekwenda kwa mwenye karakana nikamwomba tuiondoe fonti. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwao. Akasema, "Zimeshakwenda. Utaziita kwa jina zirudi?" Halafu akaniambia jambo lingine, na ninakuandikia ulijue lote. Kwenye shuka hapakuwa na f, wala z, wala v. Hizo nilibuni mwenyewe, na ni mbaya. F inamkanyaga jirani yake. Wateja wamelalamika na yeye anataka nizirekebishe. Sikuombi. Ninakwambia kilichochukuliwa na kisichochukuliwa.

Sina jingine la kusema ambalo halitakuwa la kujitetea.

Chiriku

19 Septemba

Mwanangu,

Marahaba ya Julai, nimekaa nayo.

Leo ninaandika mwenyewe. Mistari inapanda mlima, vumilia. Baba yako mdogo amefukuzwa kwenye kalamu. Ile barua ya Juni aliipeleka posta akarudi anapiga mluzi, na mtu hapigi mluzi kwa barua ya mwenzake. Nikajua ameandika lake. Kwa hiyo tusichezeane. Unajua kuhusu macho na mimi najua unajua.

Jicho la kulia limefunguliwa mwezi uliopita. Niliogopa mpaka nikamwambia daktari hospitali yake ameijenga vizuri, kwa sababu sikuwa na neno lingine. Walipotoa bandeji kitu cha kwanza nilichoona ni baba yako mdogo, na nikasikitika, maana sikujua amezeeka hivyo. Yeye anasema na yeye alikuwa ananitazama muda wote, hakulalamika.

Mkwe nilijua. Mtu hakosi kutajwa mara mbili mfululizo akiwa bado anakula meza moja na wewe. Sitasema kitu. Ungeniambia mwezi wa kumi ningekuja kukaa na mtoto, ungepata kulala. Hilo tu ndilo linaloniuma.

Sasa lile letu. Nilikasirika. Hasira ilinifaa, ilinipeleka mpaka hospitali, maana nilitaka kuona kwa macho kile nilichokipapasa. Nilipopata ruhusa ya kutoka nje nikaenda kwa fundi wa kona. Hanijui, amehamia juzi. Akanikalisha, akaniletea soda. Akaiwasha mashine. Nikaiona ikiandika jina la mtoto wa mtu, kutoka mwanzo hadi mwisho, haipumui. W ikatoka juu, a ikainama. K ikalaza mguu wake.

Akaniambia, "Mama, tazama herufi zinavyoshikana. Hizi zimetoka mbali."

Nikasema ninaona.

"Zinajua nani yuko pembeni yao," akasema. "Herufi hiyohiyo, mahali pengine inakaa hivi, mahali pengine hivi."

Nikamuuliza, "Na nani kazitengeneza?"

Akasema, "Kompyuta."

Nikanywa soda yangu. Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na maneno mpaka hapa kooni. Lakini ningemwambia ili iwe nini? Angenihurumia, au angecheka, na soda ilikuwa bado nusu. Nikamwambia zinapendeza. Na ni kweli zinapendeza, Chiriku. Ni bora kuliko zangu za miaka hii ya mwisho, nilipokuwa naona nusu na kukisia nusu. Umechukua zile za harusi yako, nilipokuwa vizuri.

Nimerudi nyumbani nikatia uzi kwenye sindano, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nikajaribu jina. Jicho moja halipimi umbali. Sindano ninaiona hapa, kumbe iko pale. Nikafumua. Nikajaribu tena, nikafumua. Baba yako mdogo akazima redio akafanya kama anatafuta skrubu. Kazi imekwisha, mwanangu, na si wewe uliyeimaliza. Nilitamani iwe wewe. Mtu wa kumlaumu anapumzisha.

Lakini sikiliza hili vizuri. F, z na v zimebaki kwangu. Sikupi. Kwa maneno pia sikupi. Mwenye karakana wako alalamike, na wateja wake walalamike. F imkanyage jirani yake mpaka wazoeane. Nina vitu vichache ambavyo mtu hajavishika, na hivyo ni vitatu kati yake.

Shule zikifungwa njoo na mtoto. Chumba cha nyuma kipo, bati lake halivuji sana. Ukitaka kuziona nitakuchorea kwa chaki juu ya kitambaa, utazame, kisha nitafuta. Kutazama hakuna neno. Kuchukua utaomba, na nikikataa iwe nimekataa.

Jicho limeanza kutoa machozi, daktari amesema nisilichoshe. Ninaacha hapa.

Mama yako mdogo

4 Novemba

Mama mdogo,

Shikamoo, na ya baba mdogo, aliyefukuzwa kwenye kalamu. Bibie anasema jicho moja linatosha, kwa sababu akifumba moja bado anaona yote.

Barua yako niliisoma karakana wakati wa chakula, nikaisoma tena nyumbani, sasa iko kwenye mkoba. Kabla ya kuijibu nilingoja niwe na kitu cha kukuambia kilichofanyika, si nilichokusudia.

Jana mwenye karakana aliniita. Ameshika sweta, kidole kiko kwenye f. Akasema, "Hii nilikuambia tangu Juni."

Nikamwambia siwezi kuirekebisha.

"Huwezi au hutaki?"

Nikasema, "Mwenyewe amekataa."

Akaweka sweta mezani. "Mwenyewe nani? Si wewe uliyezichora?"

Nikamwambia hapana, mimi nilizifuata tu. Mwenyewe ni mama yangu mdogo, mtarizi, na hizi alinitarizia kwenye shuka langu la harusi, na nilizichukua bila ruhusa yake. Nimefanya kazi pale mwaka wa tano na sijawahi kusema maneno mengi kiasi hicho mfululizo. Yule mama wa mkasi aliacha kukata. Nilidhani nitafukuzwa, na kusema kweli nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilianza kufikiria nitalala mpaka saa ngapi kesho yake.

Hakunifukuza. Aliichukua tena ile sweta, akaiangalia k. Halafu akasema f ibaki ilivyo. Na akasema fonti inaorodheshwa upya kwa wanunuzi mwezi ujao, haiwezi kuendelea kuitwa Mwandiko wa Saba kama chumba cha hoteli. Kama ina mwenyewe, akasema, nimpe jina la mwenyewe aliandike pale.

Sikumpa. Nimemwambia jina si langu, nitakwenda kuuliza kwanza.

Tutafika wiki ya kwanza ya likizo, mimi na Bibie, wawili. Nitakuuliza tukishapumzika, na ukikataa itakuwa umekataa.

Mwanao,
Chiriku